Kutafuta x kwenye hesabu zenye sehemu: fukuza asili kwanza

Juzi jioni dogo mmoja wa kidato cha pili hapa jirani alinijia na daftari, swali moja kalifanya mara tatu kapata majibu matatu tofauti na yote kakosa. Swali lenyewe hili:

x/2 + x/3 = 10

Mara ya kwanza kapata 25, mara ya pili kapata 2, mara ya tatu kachukua simu ya mama yake akaingia kwenye kalkuleta akapata 12.05. Namuuliza shida iko wapi ananiambia "anko mimi nikiona tu x imekaa juu ya mstari akili inajifunga yenyewe". Na wala si yeye peke yake, kuna watu wazima wana maduka yao, faida wanaipiga kichwani fasta bila kalamu wala nini, ila mwekee x juu na 3 chini uone, atakwambia hesabu nilishaachana nazo zamani. Basi nikakaa naye kibarazani mpaka giza likaingia, na haya ndiyo niliyomfundisha.

Jambo kubwa ni moja, na ukilishika hilo hata usipomaliza kusoma sio mbaya. Usihangaike na sehemu, ZIONDOE. Stepu ya kwanza kabisa unazidisha kila kitu kwa namba itakayofuta asili zote, yaani zile namba za chini ya mstari, alafu unabaki na hesabu ya namba nzima ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaimaliza. Watu wengi wanafanya kinyume chake, wanazibeba sehemu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wanazijumlisha, wanazipindua, wanazigawanya, na kila mstari ni nafasi mpya ya kukosea.

Tukumbushane majina kidogo tusije kupotezana. Namba ya juu ya mstari ni kiasi, ya chini ni asili. Mlinganyo ni hiyo hesabu yote yenye alama ya sawasawa katikati. Vile vitu vinavyotenganishwa na alama za kujumlisha na kutoa mimi naviita vipande, kwa hiyo swali la dogo lina vipande vitatu, x/2 na x/3 kushoto na 10 kulia. Ile 10 nayo ni kipande jamani, shikeni hilo, maana ndipo watu wanapofia.

Na alama ya = ichukulie kama mizani ile ya mawe dukani kwa Mangi. Pande zote ziko sawa, ukiongeza nusu kilo huku uongeze nusu kilo na kule, ukizidisha huku mara sita uzidishe na kule mara sita, la sivyo mizani inalala upande mmoja na jibu lako linakuwa la uongo. Shuleni tuliambiwa tu "ikivuka inabadilika alama", na ni kweli inafanya kazi, ila mtu hajui kwa nini, kwa hiyo siku namba imezidishwa badala ya kujumlishwa anaivusha na kuibadilisha alama vilevile. 3x = 12 anaandika x = 12 - 3. Nimeliona hilo kwenye madaftari mengi tu. Hakuna namba inayovuka kwenda popote, ni kwamba umefanya kitu kilekile pande zote mbili ndio maana upande mmoja kikapotea.

Haya tuanze na nyepesi kabisa.

x/3 = 5

Isome kwa Kiswahili cha nyumbani. Kulikuwa na chapati, hazijulikani ngapi, wakagawana watu watatu kila mmoja akapata 5. Chapati zilikuwa ngapi? Hapo hakuna anayeshindwa, 15. Sasa cheki ulichofanya kichwani, umezidisha 5 mara 3. Yaani x iligawanywa kwa 3, wewe ukatengua kwa kuzidisha kwa 3, pande zote.

2x/3 = 8

Hii zidisha pande zote kwa 3, unapata 2x = 24, gawanya kwa 2, x = 12. Wapo wanaopenda kuzidisha kwa 3/2 mara moja, yaani unaipindua ile sehemu, sawa tu, jibu ni lilelile. Mimi kwa anayeanza nashauri stepu mbili, mkono unatulia.

x/4 + 3 = 7

Hapa sasa ndipo pa kuamka. Ukitaka unaweza kutoa 3 kwanza pande zote, x/4 = 4, x = 16. Wale wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wataona kwamba kutengua tunakwenda kinyumenyume, x ilianza kugawanywa ndio ikajumlishwa, kwa hiyo tunaanza kutengua ile ya mwisho, kama unavyovua viatu kabla ya soksi. Lakini ukiamua kuzidisha kwa 4 kwanza, ambayo ndiyo njia yetu, basi zidisha VYOTE:

4 × x/4 + 4 × 3 = 4 × 7
x + 12 = 28
x = 16

Anayekosea anafanyaje? Anazidisha x/4 kwa sababu ndiyo yenye asili, anazidisha 7 kwa sababu kaambiwa pande zote, ile 3 anaiacha imekaa palepale kama mgeni asiyekaribishwa. Anapata x + 3 = 28, x = 25. Irudishe kwenye swali uone, 25 gawanya kwa 4 ni 6.25, ongeza 3 ni 9.25, wakati tulitaka 7. Umeshikwa.

Na hiyo ya kurudisha jibu kwenye swali sio ya kuruka hata siku moja. Inachukua nusu dakika. Ukiwa kwenye mtihani hauna wa kumuuliza kama umepata, ila mlinganyo wenyewe unakwambia, tena bure.

Turudi kwa dogo sasa.

x/2 + x/3 = 10

Asili ni 2 na 3. Tunatafuta namba ambayo 2 inaingia bila kubaki kitu na 3 inaingia bila kubaki kitu, ndogo kuliko zote, ile tuliyofundishwa kwa jina la KDS, kigawe kidogo cha shirika. Hesabu vya 3, unapata 3, 6... sita inagawanyika kwa 2, imetosha. Zidisha kila kipande kwa 6:

6 × x/2 + 6 × x/3 = 6 × 10
3x + 2x = 60
5x = 60
x = 12

Rudisha: 12/2 ni 6, 12/3 ni 4, jumla 10. Safi.

Sasa yale majibu yake matatu. Lile la 25, alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, x + x juu, 2 + 3 chini, akapata 2x/5 = 10. Hii ni dhambi ya zamani ya sehemu na haitaisha leo wala kesho. Dawa yake nilimuuliza nusu chapati na theluthi ya chapati ukiziweka pamoja zinazidi nusu au hazizidi? Akasema zinazidi. Nikamwambia sasa wewe umesema nusu na theluthi ni 2/5, na 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu peke yake, yaani umeongezewa chapati zikapungua. Alicheka ila alielewa.

Lile la 2, alizidisha kwa 6 upande wa kushoto vizuri kabisa, 3x + 2x, kulia akaacha 10. Kale kaugonjwa nilikokataja, namba nzima ikikaa peke yake mtu anaiona haihusiki kwa sababu haina asili. Inayo bwana, 10 ni 10/1, ila tumezoea kutoiandika.

Na lile la 12.05 ndilo linalouma zaidi maana alikuwa jirani na ukweli. Aligeuza nusu kuwa 0.5 na theluthi kuwa 0.33 akajumlisha 0.83, akagawanya 10 kwa 0.83. Tatizo theluthi sio 0.33, ni 0.3333 inayoendelea bila mwisho, ukiikata mahali popote umeiba kidogo, na kile kidogo ulichoiba kinakuja kutokea kwenye jibu. Desimali ni sawa kwa nusu, robo, humusi na zile zinazoisha vizuri. Theluthi, sudusi, ya saba, ya tisa, achana na desimali kabisa.

Kuhusu KDS, wengine wanakwama hapo wanaanza kugawa kwa namba tasa ukurasa mzima. Kwa asili ndogondogo chukua asili kubwa kuliko zote anza kuhesabu vigawe vyake mpaka ufike kinachogawanyika kwa zote. 4 na 6? Hesabu vya 6: 6 hapana, 12 ndio. Na kama siku hiyo kichwa kimegoma zidisha tu asili zote zenyewe kwa zenyewe, 4 × 6 = 24, itafanya kazi vilevile, sema namba zitakuwa kubwa na utapunguza mbele ya safari. Hakuna polisi wa KDS. Muhimu ni kigawe cha shirika, kikiwa kidogo ni nafuu yako tu.

Sasa twende kwenye zile ambazo zinakula watu, zenye zaidi ya kitu kimoja juu ya mstari.

(x + 1)/2 - (x - 3)/5 = 5

Ukiandika kwa mkono kwenye daftari hizo x + 1 na x - 3 zinakaa juu ya mstari bila mabano, na hapo ndipo mtego ulipo. Ule mstari wa sehemu wenyewe ni mabano yaliyojificha. Kwa hiyo mimi sheria yangu ni kwamba kabla hujazidisha chochote chukua kalamu uweke mabano kwenye kila kiasi chenye vitu viwili au zaidi, hata kama swali halina. KDS ya 2 na 5 ni 10:

5(x + 1) - 2(x - 3) = 50

Ona, 10 gawanya kwa 2 ni 5, ndiyo inayobaki mbele ya mabano ya kwanza, 10 gawanya kwa 5 ni 2, mbele ya ya pili, na kulia 10 × 5 = 50. Fungua mabano polepole:

5x + 5 - 2x + 6 = 50

Hiyo +6 ndiyo roho ya swali. Ni -2 mara -3, hasi kwa hasi chanya. Anayekimbia anaandika -6 kwa sababu macho yanaona "toa 2, toa 3" mkono unaandika kutoa. Tumalizie:

3x + 11 = 50
3x = 39
x = 13

Rudisha: 14/2 ni 7, 10/5 ni 2, 7 toa 2 ni 5. Imekubali. Aliyeandika -6 angepata 3x - 1 = 50, x = 17, akirudisha anapata 18/2 toa 14/5, yaani 9 toa 2.8, ni 6.2, wapi na wapi. Kama kuna alama ya kutoa mbele ya sehemu, simama. Weka mabano, hesabu mpaka tatu, ndio uendelee. Sitanii, kati ya madogo ninaowasaidia hapa mtaani makosa mengi sana yako kwenye hiyo alama moja tu.

Kuna ile ya kuzidisha msalaba, wengi wanaipenda maana ni fasta:

(x + 2)/3 = (x - 1)/2

Juu ya huku mara chini ya kule, 2(x + 2) = 3(x - 1), 2x + 4 = 3x - 3, x = 7. Rudisha, 9/3 ni 3, 6/2 ni 3, sawa. Hiyo ni njia yetu ileile, umezidisha pande zote kwa 6, umefupisha maneno tu. Ila inafanya kazi pale tu ambapo kila upande una sehemu MOJA basi. Kukiwa na kitu cha ziada kimejumlishwa pembeni, mfano x/2 + 1 = x/3 + 4, ukipiga msalaba hapo umeharibu. Hiyo zidisha kwa 6 kila kipande: 3x + 6 = 2x + 24, x = 18. Kwa maoni yangu msalaba usingefundishwa kabla mtu hajazoea kuzidisha vipande vyote, maana akiupata mapema anaupiga kila mahali, hata pasipo na alama ya sawasawa.

Namba mchanganyiko kama 2½ iliyoambatana na x, mfano 2½x = 20, igeuze kwanza iwe 5/2, yaani 5x/2 = 20, 5x = 40, x = 8. Usisome 2½ kama 2 mara nusu, ni 2 NA nusu.

Maswali ya maneno sasa. Hapa wengi wanasema ndio pagumu, mimi naona ndipo hesabu inapopata maana. Chukua jamaa wa bodaboda. Siku moja robo ya alichoingiza ilikwenda kwenye mafuta, theluthi ikawa hesabu ya bosi, akabaki na 15,000 mfukoni. Aliingiza shilingi ngapi? (Najua hesabu ya bosi haijui robo wala theluthi, bosi anataka chake mvua inyeshe jua liwake, tuseme siku hiyo iliangukia theluthi.) Kisichojulikana ndio x, alichoingiza:

x - x/4 - x/3 = 15,000

KDS ni 12:

12x - 3x - 4x = 180,000
5x = 180,000
x = 36,000

Mafuta 9,000, bosi 12,000, jumla 21,000, anabaki na 15,000. Angalia hapo mwanzo, ile x peke yake nayo imezidishwa ikawa 12x. Ukiiacha x utapata x - 3x - 4x, hasi sita x, na jamaa atakuwa kaingiza hasi 30,000 kwa siku, boda ya ajabu hiyo.

Nyingine inatoka kwenye mirathi, na hii naipenda kwa sababu yake. Mtu kafariki, kaacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Kwa mgawo wa Kiislamu mke kukiwa na mtoto anapata thumuni, yaani 1/8, mama anapata sudusi, 1/6, na kinachobaki chote ni cha huyo mtoto wa kiume. Mtoto kapata milioni 17. Mali iliyogawanywa, baada ya madeni na wasia kutolewa, ilikuwa kiasi gani? Tuandike kwa milioni:

x - x/8 - x/6 = 17

Kigawe kidogo cha 8 na 6 ni 24. 24x - 3x - 4x = 408, 17x = 408, x = 24. Milioni 24, mke 3, mama 4, mtoto 17. Waliosoma mirathi wanaiona hiyo 24 kabla hata hawajashika kalamu, wao wanaiita asili ya mas'ala, na sisi shuleni namba ya chini ya mstari tunaiita asili pia, neno ni lilelile la Kiarabu. Na kitabu ambacho neno aljebra limetoka kwenye jina lake, kile cha al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad kwenye miaka ya 820 hivi, sehemu yake kubwa kabisa ya mwisho ni maswali ya wasia na mirathi ya namna hii. Lenyewe al-jabr lina maana ya kurudishia kilichopungua, kuunga kilichovunjika, mpaka Hispania zamani algebrista alikuwa ni yule fundi wa kuunga mifupa. Kwa hiyo dogo akilalamika kwamba aljebra inamvunja mgongo namwambia hapana, kazi yake ni kuunga.

Kuna lingine la zamani zaidi. Karani wa Misri aitwaye Ahmes alinakili maswali ya hesabu kwenye karatasi ya mafunjo mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, iko London hadi leo kwenye British Museum. Moja linauliza: kiasi fulani, ukikiongezea sehemu yake ya saba, kinakuwa 19. Yaani

x + x/7 = 19

Sisi tunazidisha kwa 7, 7x + x = 133, 8x = 133, x = 133/8, ambayo ni 16 na 5/8. Usiogope jibu likiwa sehemu, sio kila swali linaisha kwa namba nzima, wengi wakiona 133 haigawanyiki kwa 8 wanafuta kazi nzuri wanaanza upya. Rudisha tu: ya saba ya 133/8 ni 19/8, 133/8 na 19/8 ni 152/8, ni 19. Ahmes yeye hakuwa na x, alibuni jibu. Alisema tuchukue 7 maana inagawanyika vizuri, 7 na ya saba yake ni 8, lakini natakiwa kufika 19, basi ile 7 niikuze kwa kadiri ileile inayoikuza 8 ikawa 19. Yaani 7 × 19/8. Ujanja huo unafaa hata leo kucheki jibu kichwani, ila unakubali tu pale ambapo vipande vyote vya upande mmoja vina x. Kukiwa na namba kavu pembeni, kama ile x/4 + 3, haukubali.

Mwisho kuna zenye x chini ya mstari, watu wanaziogopa kuliko zote na wala hazistahili.

6/x + 1/2 = 2

Njia ileile, asili ni x na 2, zidisha vyote kwa 2x:

12 + x = 4x
12 = 3x
x = 4

6/4 na 1/2 ni 2, imetoka. Kitu kipya ni kimoja, x ikiwa chini, asili nzima haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu kugawanya kwa sifuri hakupo. Kwa hiyo kabla hujaanza andika pembeni x isiwe namba gani. Angalia hii:

x/(x - 2) = 2/(x - 2)

Unazidisha kwa x - 2, zinafutika, unapata x = 2, unafurahi, kumbe ukirudisha chini kunakuwa 2 - 2, sifuri. Jibu halifai, na hakuna jingine. Unaandika hakuna jawabu, na hilo ndilo jibu sahihi, mtu asikutishe.

Haya jaribuni hizi, majibu yako chini ila msichungulie.

a) x/5 - 2 = 1
b) 3x/4 + x/6 = 11
c) (2x - 1)/3 = (x + 4)/4
d) 5 - (x - 2)/3 = x
e) 9/x - 1 = 3/x
f) Hili ni fumbo la kale la Kigiriki kuhusu umri wa Diophantus, mwanahesabu wa Alexandria. Sudusi ya maisha yake alikuwa mtoto, ikapita 1/12 nyingine akaota ndevu, ikapita 1/7 nyingine akaoa, miaka 5 baadaye akapata mtoto wa kiume, mtoto akaishi nusu ya umri wa baba yake, na baba akafa miaka 4 baada ya mtoto. Aliishi miaka mingapi?

Majibu. a) ni 15. b) ni 12, ulizidisha kwa 12 ukapata 9x + 2x = 132. c) ni 16/5, yaani 3 na 1/5, na kama umepata namba nzima kuna mahali umejilazimisha. d) ni 17/4; aliyepata 13/4 kasahau kwamba kutoa mbele ya mabano kunageuza ile -2 kuwa +2, rudi juu kwenye lile swali ambalo jibu lake lilikuwa 13. e) ni 6.

f) unaandika x/6 + x/12 + x/7 + 5 + x/2 + 4 = x. KDS ya 6, 12, 7 na 2 ni 84, zidisha vyote ikiwemo 5, 4 na ile x ya kulia, unapata 14x + 7x + 12x + 420 + 42x + 336 = 84x, yaani 75x + 756 = 84x, 9x = 756, x = 84. Alioa akiwa na 33, akapata mtoto akiwa na 38, mtoto akafa na miaka 42 baba ana 80, naye akafa na 84. Dogo alilifanya hili peke yake siku ya pili yake, ilimchukua kurasa mbili na alisahau kuzidisha ile 4 mara ya kwanza, akarudisha jibu kwenye swali, likakataa, akaitafuta mwenyewe mpaka akaiona.